Mbolea Iliyotiwa Weusi

Kila asubuhi Kasoki alianza kazi kwa sumaku. Ilikuwa sumaku nzito iliyong'olewa kwenye spika ya zamani. Aliifunga kamba, akaiburuta polepole juu ya mbolea iliyokwisha kuchekechwa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayepiga pasi. Misumari ilinata. Vizibo vya chupa vilinata. Nyuzi za chuma zinazobaki matairi yakichomwa zilinata zikasimama kama ndevu. Alivibandua vyote akavitupa kwenye kopo, kisha akapitisha sumaku tena. Ikitoka bila kitu, aliujaza mfuko, akaushona mdomo, akachukua chaki na kuandika juu yake neno moja: SAFI.

Wateja waliipenda sumaku ile. Wakulima waliotoka mbali, hata Rutshuru, walisimama mikono nyuma wakiitazama ikifanya kazi, wakatingisha vichwa kwa kuridhika. Hapa hakuna mchezo, walisema. Hapa kuna binti aliyesoma.

Alhamisi hiyo alikuwa kwenye mfuko wa tatu ukuta ulipotikisika.

Depo ya mbolea ilikuwa juu ya mteremko, kaskazini ya mji wa Goma, pale barabara ya Rutshuru inapoanza kupanda. Ukuta wake ulikuwa wa mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila saruji. Mawe ya juu yakaporomoka, yakabingirika hadi miguuni pa Kasoki, na kupitia pengo hilo akaona kichwa cha mtamba wa kahawia. Macho ya mnyama yalikuwa wazi lakini hayakuona kitu. Alirudi nyuma hatua mbili, akaupiga ukuta kwa paji la uso. Mawe yale yana makali kama chupa iliyovunjika. Pembe ya kushoto ilikatika, ikabaki inaning'inia kwa ngozi. Akapiga tena. Alikuwa anasaga meno kwa nguvu, jiwe juu ya jiwe, na povu lilimtoka mdomoni likiwa limechanganyika na damu.

Ukuta ukaanguka, naye akaingia nao. Alikanyaga chekeche likavunjika, akajigonga kwenye mapipa, akageuka, teke lake likampata Kasoki pajani. Kasoki alianguka chali juu ya mbolea. Mtamba akazunguka, akazunguka, kila mara kwa upande uleule, kama aliyefungwa kwenye nguzo isiyoonekana.

"Shika kamba! Weye binti, shika kamba!"

Aliyekuja mbio ni Twagirayezu, mwenye ng'ombe, mzee mrefu aliyejulikana mteremko mzima kwa kofia yake ya manyoya na kwa kutopaza sauti. Leo alikuwa anapaza. Aliirukia shingo ya mtamba, akaburutwa, magoti yake yakachanika kwenye mawe, akashikilia tu. Kasoki alijiinua kwa kushika pipa.

"Panga," mzee alisema mwishowe, akihema. "Nipatie ile panga."

Panga la kukatia magunia lilikuwa limetundikwa mlangoni. Kasoki alilileta akichechemea.

"Geuza uso, mutoto yangu."

Hakugeuza kwa wakati. Pigo la kwanza lilipita kombo, la pili likafika kwenye mfupa, la tatu likamaliza. Damu iliruka ikaipiga mifuko iliyopangwa ukutani, ikatiririka juu ya maandishi ya chaki. Miguu ya mtamba iliendelea kupiga hewa kwa muda mrefu kuliko Kasoki alivyodhani inawezekana.

Twagirayezu alikaa chini. Alilifuta panga kwa majani, polepole, pande zote mbili.

"Hii njo ya tatu," alisema. "Mbili zilikufa namna hii hii, zinazunguka, zinasaga meno. Batu banasema ugonjwa. Ugonjwa gani wa kuchagua ngombe zangu tu? Hii ni karuho."

Alilitamka kwa sauti ya chini. Karuho ni sumu ambayo watu husema hutiwa kwa siri kwenye chakula au kinywaji, na huku neno hilo likishatamkwa, lazima jina la mtu lifuate.

"Mukamugema," mzee alisema. "Ngombe zilikula mashu yake mwezi ule, akasimama mbele ya batu bote akasema: 'Twagirayezu, hazitakula tena kabichi ya mutu.' Na ziko zinakunywa wapi? Kwenye shimo yake. Unataka nini tena?"

Kasoki alimsogelea. Alifungua kinywa.

"Muzee… labda kuna shida kidogo kwa ile…"

"Shida gani?"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Janvier, mwenye depo, alikuwa amesimama pale na viatu vyake vinavyong'aa, akiutazama mzoga na ukuta ulioanguka. Kasoki alifunga kinywa.

"Muzee, pole sana," Janvier alisema. "Lakini umechinjia kwangu. Si paja moja iwe yangu?"

Twagirayezu hakucheka. "Nyama hii mutu asikule. Nitaizika."

Alienda kuita vijana wa kumsaidia. Janvier alisubiri mpaka kofia ile ilipotoweka nyuma ya migomba, kisha akamshika Kasoki kifundo cha mkono, akamsukuma mpaka mgongo wake ukagonga pipa.

"Ulitaka kumuambia nini?"

Pipa lile lililomgusa mgongoni ndilo lilikuwa jibu.

Watu wa Goma wanauamini udongo mweusi. Volkano iliwafundisha hivyo: palipo peusi, maharagwe yanapanda mpaka juu ya nyumba. Lakini taka za soko zikioza hutoa mbolea ya rangi ya kahawia, nzuri kabisa, naye Kasoki aliyemaliza masomo ya kilimo Butembo aliweza kueleza uzuri wake kwa nusu saa. Wateja walikuwa wanaichukua kiganjani, wanaitazama, wanaimwaga. "Hii imechoka," walisema. "Haina nguvu." Ni Kasoki mwenyewe aliyependekeza waichanganye na unga wa makaa ili iwe nyeusi. Unga wa makaa haumdhuru mtu. Mbolea ikanunuliwa.

Kisha unga wa makaa ukaadimika, na Janvier akaja na mapipa sita. Yalitoka nyuma ya mtaa wa Katindo, kwa mafundi wanaopasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha vyuma vya ndani. Mabaki yao, majivu mazito na tope jeusi, yalikuwa meusi kuliko makaa yoyote.

"Ni makaa tu," Janvier alisema. "Makaa ya kiwanda."

Kasoki alichovya kidole. Kilimchoma. Harufu ilimkwaruza kooni. Alijua palepale, kama mtu anavyoijua sauti ya jirani yake gizani: hii ni risasi, ile metali laini na nzito ya ndani ya betri, inayokaa mifupani mwa mtu miaka na miaka. Alijua pia kwamba haishikwi na sumaku. Alitazama uso wa Janvier, na neno likarudi kooni kama maneno yake yote yalivyozoea kurudi tangu alipokuwa mtoto. Akapitisha sumaku. Ikatoka bila kitu. Akaandika SAFI.

Jambo moja tu alithubutu. Alijaza vifuko sita: mbolea, udongo wa shamba la kabichi la mama Mukamugema lililo chini ya depo na lililotiwa mbolea ileile, na tope la shimo la maji lililo chini ya shamba hilo. Chupa moja ya maji akaiongeza. Mwalimu wake wa zamani alivipeleka kwenye maabara ng'ambo ya mpaka. Majibu yaliingia kwenye simu siku tisa zilizopita. Risasi, mara hamsini ya udongo wa kawaida. Kadimiamu na zinki nazo zimo. Kila mvua iliiosha mbolea kutoka shambani na kuishusha shimoni, mvua hadi mvua, na ng'ombe walilipenda lile tope la ukingoni kwa sababu lilikuwa na chumvi. Walililamba kama peremende.

Siku tisa. Alimwonyesha Janvier tu, siku ya kwanza.

"Nisikilize," Janvier alisema sasa, uso wake karibu sana, akinuka dawa ya meno. "Ukifungua hicho kinywa, bataniuliza miye? Miye sijasoma. Batauliza, nani aliandika SAFI juu ya mifuko? Chaki ni ya nani?" Aliichukua simu ya Kasoki kutoka mfukoni mwa koti, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga kwa nyundo ya kushindilia mifuko. Mara moja, mara mbili. "Pole. Nitakununulia ingine. Sasa safisha damu, kuna muteja anakuja saa ine kuchukua mifuko kumi."

Aliisafisha damu. Alipoosha mfuko wa mwisho, maji mekundu yalitambaa mpaka kwenye pengo la ukuta, yakashuka, yakielekea kwenye kabichi.

Ijumaa, mtoto alianguka.

Jina lake Igihozo, miaka mitatu, mjukuu wa kike wa Twagirayezu. Alikuwa anacheza ukingoni mwa shimo la maji, ambako hucheza kila siku, anafinyanga mikate ya tope na kuila kama watoto wafanyavyo. Mama yake, Alliance, alikuwa anafua. Aliposikia kimya akageuka, akamkuta mtoto amejipinda kama upinde, meno yamebana, macho yamepinduka, kisigino kinapiga jiwe, kinapiga, kinapiga. Walipomfikisha kwenye kituo cha afya kisigino kilikuwa kimechubuka mpaka nyama. Wauguzi wakamchoma sindano ya malaria wakamrudisha nyumbani.

Habari hiyo ilimfikia Kasoki depo kabla ya saa sita.

Usiku ule chumbani kwake, mtaa wa Murara, hakulala, na asubuhi ya Jumamosi alikata shauri. Kwa Twagirayezu hakuweza. Kwenye uso wa Alliance hata kufikiri hakuweza. Angekwenda kwa mama Mukamugema, aliyewahi kumpa kitenge siku alipolowa mvua. Angemwambia yeye kwanza.

Mama Mukamugema alikuwa mjane mfupi, mpana, mwenye mdomo usiopumzika. Nyumba yake ya mbao ilisimama kati ya shamba na shimo. Shimo lenyewe alilichimba marehemu mume wake, miezi mitano ya kuvunja mawe kwa nyundo, kisha wakalitandika turubai ili likinge maji ya mvua. Mabomba ya serikali yakikauka, na yalikuwa yamekauka tangu Jumatatu, mteremko mzima uliteka hapo.

"Karibu, mademoazele! Umekonda. Kwa Janvier banakulisha mbolea?"

Alimimina chai. Kabla ya kumpa, alipiga funda moja yeye mwenyewe, akimtazama Kasoki machoni, kisha akakisogeza kikombe. Huku hakuna anayekupa kinywaji bila kukionja kwanza mbele yako. Hata mama kwa mwanawe aliyerudi safari hufanya hivyo. Ni namna ya kusema: ndani ya kikombe hiki sina siri nawe.

Kasoki alikishika kikombe, hakunywa.

"Mama, nilikuwa nataka kusema… ile maji ya shimo. Kama ingewezekana, musiikunywe kwanza."

"Juu ya nini?"

"Kuna shida kidogo."

"Kidogo namna gani? Kama chura imeanguka, ao kama maiti?"

"Ni… kwenye udongo. Ni kitu ya…"

Walisikia mluzi. Halafu miguu mingi juu ya mawe, na mwanamke akipiga kelele kwa mbali. Mama Mukamugema aliusogelea ufa wa ukuta akachungulia. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ingia chini ya kitanda," alisema. "Weye ni mutoto ya wenyewe. Ingia."

Kasoki hakuwahi. Waliokuja walikuwa watu kama arobaini, na mbele yao vijana sita walikuwa wameinua chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao inayobeba magunia kumi ya viazi, wakaikimbiza moja kwa moja kwenye mlango. Mlango uliruka na bawaba zake. Ukuta wa mbele ukafuata. Chukudu iliingia mpaka katikati ya chumba, ikaponda jiko, chai ikamwagika juu ya makaa na moshi ukajaa.

Habineza, baba yake Igihozo, alikuwa wa kwanza kuingia. Alikuwa kijana mpole, fundi wa kushona. Alimshika mama Mukamugema nywele akamtoa nje akimburuta juu ya mbao zilizovunjika.

"Mutoto yangu alikufanya nini? Sema! Ngombe, sawa. Mutoto alikufanya nini?"

Alimpiga kwa fimbo ya baba yake. Mama Mukamugema alikinga uso, na kitu mkononi mwake kikalia kama ukuni unaovunjika. Mwingine akampiga teke ubavuni. Mwanamke aliyekuwa akinunua kabichi kwake kila wiki alichukua jiwe, akasita, akalirusha. Lilimpata mdomoni. Wengine walikuwa wameingia shambani, wanakanyaga kabichi, wanazing'oa na kuzipasua chini, kana kwamba kila kichwa kilikuwa chake.

"Chomeni nyumba!" mtu alipiga kelele.

"Leteni tairi!"

Kasoki alitoka kwa magoti kupitia ukuta ulioanguka. "Jamani," alisema. "Jamani, subirini kidogo." Mtu alimsukuma kwa kiganja bila hata kumtazama, akakaa chini. Upande wa juu, karibu na depo, alimwona Janvier amesimama mikono mfukoni.

"Tosha!"

Twagirayezu aliingia katikati. Alimnyang'anya mwanawe fimbo.

"Hatuko banyama," alisema. "Kama ni yeye, tutajua kama baba zetu balivyokuwa banajua. Anywe. Maji yake, kikombe yake, mbele yetu."

Kelele zilipungua. Hiyo kila mtu aliielewa. Mwenye sumu haonji.

Walimkokota mpaka kwenye shimo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipopinda mkono. Alliance alikuwa pale, Igihozo mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea begani. Mtu alileta kikombe cha bati. Mama Mukamugema alitema jino, akakichukua kwa mkono wa kulia.

"Bwana yangu alichimba hii kwa mikono," alisema. Maneno yalitoka yamevimba. "Na ile siku ya mashu, nilisema hazitakula tena kwa sababu nilikuwa nataka kujenga ukuta. Ukuta, Twagirayezu. Muliniuliza?"

Akachota, akanywa. Damu ya mdomo wake ilibaki ukingoni mwa kikombe. Akachota tena, akanywa. Cha tatu alikunywa akimtazama Habineza machoni mpaka tone la mwisho.

Wakasubiri. Walisubiri muda wa kumaliza rozari nzima. Mama Mukamugema alikaa juu ya jiwe, anaubembeleza mkono wake, anahema. Hakuanguka. Hakutoa povu. Mwishowe alipiga mbweu kubwa, na mtu mmoja huko nyuma akacheka bila kutaka, na kicheko hicho kikamfanya kila mtu ashushe pumzi.

Twagirayezu alivua kofia. Watu walimwona upara kwa mara ya kwanza.

"Mama," alisema. "Nimekukosea. Nitajenga nyumba yako. Nitajenga na ukuta." Aligeukia wengine. "Mumeona wote. Maji iko muzuri."

Ikawa imekwisha. Habineza alikuwa analia kwa sauti, ameukumbatia mti. Mtu alikwenda kutafuta mbao za kuufungia mkono uliovunjika. Na wanawake, ambao bidoni zao, yale madumu ya maji, zilikuwa tupu tangu Jumatatu, walianza kushuka kuteka, kwanza kwa aibu, halafu kwa foleni.

Kasoki alibaki amesimama kwenye kabichi zilizopondwa. Mama Mukamugema ni mzima. Hakuna atakayemgusa tena. Hakuna atakayeuliza chaki ni ya nani. Angeweza kutembea tu, kushuka mpaka Murara, kufunga mlango. Lakini alijua wasichokijua: sumu ile haina haraka. Haimwangushi mtu mbele ya umati. Inangoja. Kikombe kilikuwa kimesema uongo, na wote walikuwa wamekiamini kwa moyo safi.

Aliona Alliance akiinama. Aliona mkono wake ukichota kwa kikombe kilekile. Alliance alipiga funda dogo kwanza, kama mama yeyote, kisha akamgeuza mtoto kifuani.

"Kunywa, mama. Kunywa, upone."

Kasoki hakukumbuka alivyovuka shamba. Alikipiga kikombe kwa ngumi. Kikaruka, kikalia kwenye mawe, kikazama. Igihozo akaanza kulia kwa sauti nyembamba.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Halafu Habineza akafika. Pigo lake lilimpata Kasoki sikioni, dunia ikalia kama kengele, akajikuta uso kwenye tope jeusi la ukingoni. Alilionja. Lilikuwa na chumvi kweli.

"Njo huyu! Anajua kitu, huyu!"

"Na alikuwa ndani kwa Mukamugema asubuhi!"

"Mutoto ya kuja, ya Butembo huko, banamutuma kutumaliza!"

Jiwe lilimpata mgongoni. La pili likamchana kisogoni, na damu ya joto ikamwingia kwenye kola. Mguu ulimkandamiza shingo. Alisikia mama Mukamugema akipaza sauti kwa mdomo wake uliovimba: "Muacheni! Munataka kukosea mara mbili kwa siku moja?"

Kisha Janvier akashuka, anatabasamu, mikono juu kama mpatanishi.

"Bandugu, bandugu. Huyu ni mutumishi wangu. Tangu ngombe imupige teke, kichwa haiko sawa. Kasoki, simama. Simama tuende kazi." Alimnyooshea mkono. Ulikuwa mkono safi, kucha zimekatwa vizuri.

Mguu ukatoka shingoni. Kasoki aliutazama mkono ule.

"Ngoja," Twagirayezu alisema. Alichuchumaa mbele yake, kofia ingali mkononi. "Binti. Juu ya nini umemwaga maji ya mutoto?"

"Muzee," alisema. Sauti ilitoka kama ya panya. "Kuna shida kidogo…"

"Nini? Sikusikia."

"Munaona?" Janvier alisema. "Kichwa."

Nyuma ya bega la mzee, Alliance alikuwa amekiopoa kikombe. Alikisuuza. Akachota tena.

Kasoki alisimama bila kushika mkono wa mtu. Damu ilimshuka mpaka kiunoni. Alimtazama Alliance, si mwingine, na alipofungua kinywa sauti iliyotoka hakuwahi kuisikia maishani mwake. Ilipanda mteremko mpaka kwenye ukuta ulioanguka wa depo, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaweka bidoni chini.

"Alliance, mwaga hiyo maji! Haiko karuho, hakuna mutu alikuroga. Ni sumu ya betri. Iko ndani ya mbolea yetu, Janvier anaiweka kusudi ikuwe nyeusi vile munaipenda, mvua inaishusha humu, na ngombe zililamba, na mutoto alikula. Haiue leo, njo maana mama Mukamugema eko anapumua. Miye niliona mapipa. Miye niliandika SAFI, kwa mukono yangu. Siku kumi na moja niko na majibu ya maabara, muzee, na nilikuwa najua, na nikanyamaza."